Risala ya Wahitimu wa Utabibu kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana: mbukwenyi!

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutuona tukihitimu. Elimu hii imetoka mbali. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007.

Lakini, Mheshimiwa, mkoa huu uliifundisha dunia utabibu kabla ya chuo hicho kuwepo, na jambo hili wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza darasani. Kule Kongwa watafiti walichukua vijiji sita vyenye trakoma, yaani vikope. Kote walitoa dawa ya macho ya tetrasaikilini kwa siku 30. Katika vijiji vitatu wakaongeza kitu kimoja: kuhamasisha jamii iwanawishe watoto nyuso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika vijiji hivyo vitatu nyuso safi ziliongezeka, na trakoma kali ikapungua kuliko kule walikopewa dawa peke yake. Leo usafi wa uso umo katika mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza ugonjwa huu.

Tulipokuwa mazoezini kijijini, bibi mmoja alifungua fundo la khanga yake. Tulidhani anatafuta kadi ya kliniki, kumbe alikuwa anatoa kibano. Kila baada ya siku chache mjukuu wake humng'oa kope zilizogeukia ndani, zinazomkwaruza jicho kila anapopepesa. Hayo ni makovu ya maambukizi ya trakoma ya miaka mingi. Bibi huyo amelea watoto na wajukuu, na khanga ileile aliyomfutia huyu machozi ndiyo aliyomfutia yule, kisha akajifutia mwenyewe. Ndiyo maana wanawake huumia zaidi. Upasuaji mdogo wa kope, usiohitaji kulazwa, ungemwondolea mateso hayo.

Changamoto yetu kubwa ni maji. Katika zahanati moja tuliyofanyia mazoezi, bomba lilikuwa kavu siku nne mfululizo, nasi tukiwa tumesimama mbele ya akina mama tukifundisha kunawa. Mama mmoja akatuuliza, "Kwa maji yapi, wanangu?" Tuliomba kikombe kimoja kwa jirani, tukamnawisha mtoto wake pale pale. Kilitosha, na yakabaki ya mtoto wa pili.

Kwa hiyo tunaomba matangi ya kuvunia maji ya mvua katika zahanati za mazoezi, usafiri wa kuwafikisha wanafunzi vijijini, na nafasi zaidi za kujifunza upasuaji wa kope chini ya wataalamu. Bibi yule tumeshamwandikia rufaa, lakini nauli hana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.