Barua kwa mwanangu: vipepeo wa mdimu

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako imefika Alhamisi, nikaisoma nimesimama uani kabla hata sijatua kikapu. Unauliza kama vipepeo wa kwetu wamekwisha, maana likizo ya Desemba ulikaa hapa Tabata hukumwona hata mmoja kwenye mdimu, na mwaka juzi walikuwa wakipishana kama watu wa sokoni. Ningeweza kusubiri siku ya kuwatembelea nikujibu kwa mdomo, lakini swali hili nimelala nalo, nimeamka nalo.

Wale wa mdimu naanza nao kwa sababu kosa ni langu. Mwezi wa kumi niliona majani machanga yametafunwa, nikapuliza dawa. Sikuangalia kwanza. Mimi ninayefundisha biolojia nilijua fika nitakachokiona: kiwavi mdogo mweusi mwenye baka jeupe mgongoni, ukimtazama haraka utadhani kinyesi cha ndege kimedondokea jani, na hivyo ndivyo anavyoponea. Akikua anageuka kijani. Ukimgusa, anatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, umkimbie. Huyo ndiye anayekuja kuwa yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano uliyekuwa ukimkimbiza. Mdimu wenyewe ungechipua tena na mvua za vuli. Nimejuta, na dawa ile nimeitoa nyumbani.

Lakini mdimu mmoja si mtaa mzima. Vipepeo wa mahali ni jamii ya aina nyingi, na kila aina inapanda na kushuka kwa wakati wake. Mkumbuke shangazi yako wa Buguruni. Yeye anauza barafu, binti yake anauza uji na maandazi. Jua likiwaka, barafu inaisha kabla ya adhuhuri na uji unabaki. Masika yakishika, barafu haina mnunuzi, lakini foleni ya uji inafika barabarani. Nyumba ile haijawahi kulala njaa. Wote wangeuza barafu, Aprili ingewaumbua. Vipepeo ni hivyohivyo: mwaka wa mvua nyingi unawafaa hawa na kuwaangusha wale, na ukijumlisha wote, idadi haiyumbi sana. Hatari inakuja wanapoanguka wote pamoja.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo ninalotaka ulishike. Haitoshi kuwa na aina nyingi. Kila aina ina hali ya hewa inayoizoea, yenye katikati na kingo. Aliye katikati, mwaka ukizidi joto au baridi kidogo, anavumilia. Aliye ukingoni hana pa kujibanza. Uingereza wamekuwa wakihesabu tangu 1976: mtu anatembea njia ileile kila wiki, Aprili hadi Septemba, anaandika kila kipepeo anayemwona ndani ya upana wa mita 5. Catalonia, kule Hispania kwenye joto, walianza 1994, na Ufini kwenye baridi nao wanahesabu. Hesabu za Uingereza zilionyesha kwamba kadiri aina inavyokaribia mwisho wa eneo lake upande wa kaskazini, kwenye baridi, ndivyo idadi yake inavyopanda na kushuka kwa vishindo. Sababu inaeleweka: huko anaishi tu kwenye miteremko michache inayopata jua, basi mwaka mbaya unawakuta wote mahali pamoja. Kwingine yuko kichakani, kwenye majani marefu, kivulini. Pakikauka hapa, pale pamepona.

Ukame wa 1995 huko Uingereza ulimwangusha sana kipepeo mmoja wa kahawia wa kule anayependa unyevu. Alirudi upesi zaidi palipokuwa na misitu mikubwa isiyokatwakatwa vipande. Niliposoma hilo nilifikiria misitu yetu ya Pugu na Kazimzumbwi, na nyumba zinavyozidi kuisogelea.

Na hapahapa Dar es Salaam pana historia yake. Miaka ya 1970 mtafiti Mwingereza, David Smith, alikuwa akimfuatilia kipepeo ambaye wewe unamjua: wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Yupo mwingine asiye na weusi huo, na watu wengi hudhani ni aina tofauti. Kumbe ni aina moja yenye sura zaidi ya moja, na uwiano wa sura hizo ulikuwa ukibadilika kadiri misimu inavyopita. Hata ndani ya aina moja, mwanangu, hawafanani wote.

Viwavi wake wanakula ule mmea wa utomvu mweupe uliokuwa umejaa kiwanja cha nyuma yetu, na sumu ya mmea ndiyo inayowafanya ndege wawakatae. Kiwanja kimefyekwa chote mwezi uliopita, kikachomwa moto. Aliyekifyeka aliniambia amepasafisha. Nimemwomba aniachie ukingo wa kando ya ukuta wetu, hatua kama nne hivi, amekubali. Mizizi haikufa, mmea umeanza kuchipua.

Kwa hiyo, wamekwisha? Kwa Desemba moja siwezi kusema, na wewe usiseme. Chagua njia moja hapo shuleni, labda ile ya kutoka bwenini kwenda bustanini. Kila Jumamosi saa nne, jua likiwa limetoka, itembee polepole na uandike nyuma ya daftari uliowaona na rangi zao. Iringa kuna baridi, utakutana na wengine kabisa. Mimi nitahesabu huku saa hiyohiyo, kuanzia mdimu hadi ukingo ule.

Jana asubuhi nimekuta mayai mawili juu ya jani changa, ya njano iliyopauka, madogo kama mbegu za mchicha. Kaka yako nimemwambia ndimu achume upande wa pili. Sweta ya pili nimeiweka kwenye mzigo pamoja na karanga.

Mama yako