Anayekaa nyuma ya ambulensi ana leseni gani?

Mhariri,

Gavana anapozindua ambulensi mpya, picha huwa zile zile: magari yamepangwa mstari, utepe unakatwa, ving'ora vinalia. Sijasikia hata mara moja katika hafla hizo mtu akiuliza ni nani atakayekaa nyuma na mgonjwa, amesomea wapi, na akikosea atajibu kwa nani. Mimi ni muuguzi katika idara ya majeruhi. Hilo ndilo swali ninalobaki nalo kila ambulensi inaporudi nyuma hadi mlangoni petu.

Dereva ana leseni, na polisi wa trafiki anaweza kuidai barabarani. Mimi nikimdunga mgonjwa dawa isiyofaa, Baraza la Wauguzi litaniita na linaweza kuniondoa kwenye sajili. Daktari ana baraza lake, tabibu ana lake, mfamasia ana bodi yake. Lakini mhudumu wa dharura, yule anayefungua njia ya hewa ya majeruhi huku lori likiwaka kando yake, hana sheria ya Bunge inayomsajili na kumwajibisha namna hiyo. Wanaojiunga na vyama vya taaluma yao hujiunga kwa hiari.

Tofauti huonekana pale pale mlangoni. Wapo wanaofika na utepe wa plasta umebandikwa pajani, umeandikwa kwa kalamu: presha, mapigo ya moyo, oksijeni, dripu ilianza saa ngapi. Shingo ya mgonjwa imefungwa kola. Ndani ya dakika moja nimeelewa kila kitu, na daktari anaanzia walipofikia. Wapo wengine ambao nikiuliza mama huyu amevuja damu tangu saa ngapi, jibu ni, "Tumeambiwa tumlete tu, sista." Mtungi wa oksijeni umo garini, mshale wa kipimo umelala kwenye sifuri. Wote wamevaa koti lile lile lenye mistari inayong'aa. Jamaa za mgonjwa watajuaje wamepanda na nani?

Na hili si jambo la hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kuwa matibabu hayo ni pamoja na huduma anayopewa mgonjwa kabla hajafika hospitalini. Jedwali la Nne la Katiba likazikabidhi kaunti huduma za ambulensi. Kwa hiyo haki ya mgonjwa inaanzia barabarani, na kaunti zote 47 zina wajibu, lakini mtu anayeitekeleza haki hiyo kwa mikono yake ndiye tuliyemsahau.

Mwaka 2015, Alex Madaga aligongwa na gari, akakaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Nchi nzima ilizungumzia vitanda, na ilikuwa sawa kuvizungumzia. Siwalaumu hata kidogo waliokuwa naye garini. Ninachosema ni kwamba kwa saa zote hizo gari lile ndilo lililokuwa hospitali yake, na hospitali yoyote lazima wanaofanya kazi ndani yake wajulikane.

Afrika Kusini, wahudumu wa dharura husajiliwa na baraza lile lile la taifa linalosajili madaktari, wakiwa na bodi yao wenyewe humo, na kila ngazi imewekewa mipaka ya kinachoruhusiwa. Sisi pia tunaweza. Naomba kamati za afya za Bunge na Seneti zilete sheria yenye mtihani mmoja wa kitaifa, sajili ambayo mwananchi yeyote anaweza kuikagua kwa simu, na mahali pa kupeleka malalamiko. Walio kazini sasa wapewe muda wa kutosha kufanya mtihani huo; wengi wao ni hodari, na baadhi wamenifundisha mimi. Sheria itawakinga wao pia. Leo kijana akimpa mgonjwa dawa usiku wa manane na mambo yakaharibika, hana waraka wowote wa kisheria unaosema alikuwa na ruhusa ya kuitoa. Kijana huyo huyo akiomba kupandishwa cheo, anaulizwa namba ya usajili ambayo hakuna aliyewahi kumpa.

Kaunti hazihitaji kuingojea sheria hiyo. Kila moja inaweza, mwezi huu, kubandika ndani ya kila ambulensi jina la mhudumu wa zamu, kiwango cha mafunzo yake na namba ya simu ya kulalamikia. Na magavana wanaojiandaa kukata utepe mwingine, wawaite mbele wahudumu watakaopanda magari hayo na kuwaeleza wananchi wamesomea nini.

Muuguzi, idara ya majeruhi
Nakuru