Barua kwa Somo Yangu, Kutoka Hangzhou

Hangzhou,
19 Oktoba

Kwako somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe na mama na watoto. Mimi mzima. Baridi ndiyo kwanza inapiga hodi, na wiki hii mji mzima unanukia vijiua vya manjano ambavyo wenyewe huviita guihua. Asubuhi nikipita chini ya mti wake namkumbuka bibi na kikuba chake siku za Ijumaa.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na lawama zake nimezisoma. Unasema kila nikiandika anwani imebadilika: mwaka juzi Yuquan, baadaye Huajiachi, sasa Zijingang. Unauliza nimehama vyuo vingapi, na kama wafadhili wanajua. Somo, sijahama hata kimoja. Chuo ni kile kile, Chuo Kikuu cha Zhejiang, ambacho wenyeji hukiita Zheda kwa kifupi. Yuquan nilisoma Kichina, Huajiachi nilikwenda kwa mafunzo ya majuma machache, na Zijingang ndiko iliko maabara yangu ya chai. Zote zimo katika mji huu mmoja. Lakini jibu hilo peke yake halitamtosha mwalimu wa historia kama wewe, kwa hiyo kaa nikueleze.

Kumbuka tulivyosimuliwa Mlimani: kwamba kilimo cha Morogoro kilikuwa sehemu ya Mlimani, kikatoka mwaka 1984 kikawa Sokoine, na Muhimbili nayo ikaja kuwa chuo kikuu chake yenyewe mwaka 2007. Huku lilitokea jambo kama hilo, ila lilitokea kwa mkupuo, mwaka 1952. Serikali mpya ilikuwa ikifuata mfano wa Wasovieti, kila taaluma na chuo chake. Zheda ikabaki na uhandisi. Kilimo kikatolewa, tiba ikatolewa. Walimu wa hisabati na biolojia waliokuwa fahari ya chuo wengi wao wakapelekwa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai. Masomo ya lugha na historia yakaingia katika chuo cha ualimu, ambacho baadaye kikawa Chuo Kikuu cha Hangzhou. Ndugu hawa wanne wakaishi mji mmoja, kila mmoja na geti lake na muhuri wake, mpaka tarehe 15 Septemba 1998 walipounganishwa tena chini ya jina la zamani. Hesabu mwenyewe: miaka 46. Aliyekuwa kijana wa mwaka wa kwanza siku ya kutengana, siku ya kurudiana alikuwa na wajukuu.

Ndiyo maana kampasi hizi hazifanani. Kila moja bado ina harufu ya mwenye nyumba wake wa zamani. Yuquan iko chini ya kilima cha Laohe, karibu na Ziwa la Magharibi, majengo ya miaka ya 1950 yenye mapaa yaliyopinda ncha, na sanamu ya Mao Zedong imesimama mbele ikiwatazama wahandisi wanavyoingia na baiskeli zao. Huajiachi ni ya wakulima tangu 1934. Ina bwawa katikati, na zamani ilikuwa nje ya mji. Sasa mji umeizunguka pande zote, na maghorofa yanachungulia juu ya miti. Xixi ni ya wale wa Chuo Kikuu cha Hangzhou. Kisha zipo za mbali kabisa, nje ya Hangzhou: Zhoushan visiwani, kwa wanaosomea bahari, na Haining, ambako wanafundisha kwa Kiingereza pamoja na vyuo vya ng'ambo. Huko Haining sijafika.

Zijingang ninakoishi ndiyo mpya na ndiyo kubwa. Ilifunguliwa mwaka 2002, na ni pana kiasi kwamba huwezi kutoka hosteli ukawahi kipindi kwa miguu. Kila mtu ana baiskeli au pikipiki ndogo ya umeme, na saa mbili kasoro za asubuhi barabara zinajaa kama Kariakoo wakati wa sikukuu, ila hakuna anayepiga honi. Chuo kizima kina wanafunzi zaidi ya 60,000. Katikati kuna ziwa lililochimbwa kwa mikono ya watu, lenye mabata maji weusi wenye shingo ndefu ambao watoto wa walimu huja kuwaangalia Jumapili.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni Zhijiang, ndogo, juu ya kilima kando ya mto Qiantang. Hii haikuwa ya Zheda hapo mwanzo. Ilijengwa na wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, matofali mekundu, mnara wa saa, misitu nyuma yake. Ukisimama pale juu unaona mto mpana wa rangi ya udongo, na daraja refu la chuma linalopitisha treni chini na magari juu. Daraja hilo ndilo lililonifungulia hadithi yote, kwa hiyo niruhusu nikae nalo kidogo.

Lilisanifiwa na mhandisi Mao Yisheng na kufunguliwa mwezi Septemba 1937. Wajapani walikuwa tayari wanapigana Shanghai. Tarehe 23 Desemba mwaka ule ule, adui akiwa anakaribia, Mao Yisheng akashuhudia daraja lake likilipuliwa kwa amri ya jeshi ili lisiwavushe. Halikutimiza hata miezi mitatu. Kesho yake Hangzhou ikatekwa. Baada ya vita alilijenga upya mwenyewe, ndilo hilo ninaloliona.

Na Zheda? Zheda ilikuwa imeshaondoka.

Hapa nikurudishe nyuma kidogo. Chuo hiki kilianza mwaka 1897, China ikiwa bado inauguza kidonda cha kushindwa vita na Japani. Mkuu wa mji wa Hangzhou wakati huo, Lin Qi, alichukua hekalu la Kibudha akaligeuza shule ya kufundisha hesabu, sayansi na Kiingereza. Akaiita Qiushi, maana yake kutafuta lililo kweli. Shule ikakua, ikabadilishwa majina, na mwaka 1928 ikawa chuo kikuu cha taifa. Mwaka 1936 akaja kukiongoza Zhu Kezhen, mtaalamu wa hali ya hewa aliyepata shahada yake ya uzamivu Harvard mwaka 1918. Aliwauliza wanafunzi wapya maswali mawili: mmekuja Zheda kufanya nini, na mkihitimu mtakuwa watu wa namna gani? Hadi leo kila anayeingia hapa hukutana na maswali hayo. Mimi pia nilikutana nayo.

Mwaka mmoja tu baada ya kuuliza hivyo, Zhu akalazimika kukibeba chuo mgongoni. Walifunga vitabu na vyombo vya maabara kwenye masanduku, wakatoka Novemba 1937, walimu, wanafunzi, wake na watoto. Kwa mashua, kwa treni pale ilipokuwepo, kwa malori, na sehemu nyingi kwa miguu. Wakifika mahali wanafungua masanduku, wanafundisha. Vita vikisogea wanafunga tena. Jiande, kisha Ji'an, kisha Taihe mkoani Jiangxi, kisha Yishan kule Guangxi, na mwishowe Guizhou, milimani. Njia nzima ilikuwa kama kilomita 2,600. Tena hawakubeba vyao peke yao. Zhu alisaidia kuuhamisha na mkusanyo wa kale wa vitabu vya Jumba la Wenlan la Hangzhou, zaidi ya juzuu 30,000 zilizonakiliwa kwa mkono enzi za wafalme, na zikanusurika.

Taihe ndipo panaponiuma. Mto Gan ulikuwa ukifurika kila mara na kula mashamba ya wenyeji. Wahandisi wa chuo, wakimbizi hao, wakapima ardhi na kusaidia kujengwa tuta refu la kuzuia mafuriko, wakafungua na shule ya watoto wa kijijini. Ndipo kiangazi cha 1938 Zhu akasafiri kutafuta mahali pengine pa kuhamia. Nyuma yake kuhara damu kukaingia nyumbani kwake. Mwanawe Heng akafariki, na siku chache baadaye mkewe, Zhang Xiahun. Aliwazika, akaendelea kuuhamisha msafara. Huko Yishan wakakutana na malaria, ambayo mimi na wewe hatuhitaji kusimuliwa, na Februari 1939 ndege za Kijapani zikaangusha mabomu zaidi ya mia juu ya chuo. Na ni Yishan hiyo hiyo, Novemba 1938, ambako alipendekeza lile jina la shule ya kwanza, Qiushi, liwe kauli mbiu ya chuo. Nimelifikiri sana hilo, somo. Mtu amefiwa miezi mitatu tu, yuko ugenini, wanafunzi wake wanatetemeka kwa homa, naye anasimama kuzungumza juu ya kutafuta lililo kweli.

Sasa nikuambie nilikokuwa mwezi wa nane nilipokaa kimya. Idara yetu ilitupeleka Guizhou kuona mashamba ya chai. Tukaenda kwa treni ya mwendokasi, kisha kwa basi milimani, mpaka wilaya ya Meitan, na nilipoliona lile jina kibaoni nilishtuka, maana nilikuwa nimelisoma. Zheda iliishi huko tangu 1940 mpaka iliporudi Hangzhou mwaka 1946: sehemu Zunyi, sehemu Meitan, na wa mwaka wa kwanza katika mji mdogo wa Yongxing. Sayansi na kilimo ndivyo vilivyokuwa Meitan. Hekalu la Confucius lilifanywa ofisi na maktaba, na bado limesimama, limegeuzwa makumbusho.

Niliingia mle ndani peke yangu, wenzangu wakiwa wanakunywa maji nje. Ni jengo la mbao, la giza kiasi, limepanda ngazi kwa ngazi ubavuni mwa kilima. Ukutani kuna picha za walimu. Yupo Su Buqing, mtaalamu wa hisabati, ambaye familia yake ilikuwa ikila viazi vitamu kwa chumvi. Mkewe alikuwa Mjapani, na alivumilia pamoja naye miaka yote ambayo nchi yake ilikuwa ikiwapiga mabomu. Yupo Wang Ganchang, mwanafizikia, aliyekuwa na kifua kikuu, wakamtafutia mbuzi wa maziwa; akawa anamchunga mwenyewe huku anakwenda maabara. Mtu huyo wa mbuzi, mwaka 1941, bila vyombo vya kufanyia jaribio, aliandika namna ya kuithibitisha nyutrino, chembe ndogo kabisa ambayo hakuna aliyekuwa ameinasa. Makala yake ilichapishwa Marekani mwanzoni mwa 1942, na mwaka huo huo Mmarekani mmoja akalifanya jaribio kwa kufuata wazo lake. Mwaka 1943 akaja kijana aitwaye Tsung-Dao Lee kusoma mwaka wa kwanza. Mwaka 1957 akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka 1944 Joseph Needham, mwanasayansi wa Cambridge, Uingereza, alifika na kusikiliza tafiti zao, akastaajabu kukuta wanafanya kazi ya kiwango kile kijijini.

Na chai je? Wakati huo huo wa vita serikali ilikuwa imeanzisha shamba la majaribio ya chai hapo hapo Meitan, na wataalamu wake waliishi mji mmoja na maprofesa wetu. Leo vilima vyote vile ni chai, safu kwa safu, kama ukisimama Amani ukatazama chini. Mwenyeji wetu, mzee mmoja, aliposikia natoka Zheda alinishika mkono kwa mikono miwili. Hakuniuliza natoka nchi gani. Alisema tu, "Umerudi nyumbani." Pale mjini ipo na sekondari inayoitwa Qiushi.

Kwa hiyo ukiniuliza kampasi zetu ni ngapi, karatasi za chuo zitakupa hesabu moja, na mimi nitaongeza Meitan. Nilipokuwa Yuquan nilidhani nimekuja kusoma kwenye majengo mazuri. Tangu Agosti nikiingia maabara Zijingang, yenye kila chombo, naiona ile picha ya mtu na mbuzi wake, na siku ambayo nimechoka sitoki mapema.

Zhu, nisisahau, alipenda kuandika hali ya hewa katika shajara yake kila siku. Aliandika mpaka tarehe 6 Februari 1974. Kesho yake akafariki. Jambo hili wasomee wanafunzi wako wa kidato cha tatu, wale unaosema hawaoni maana ya kuandika tarehe juu ya daftari.

Nimekuwekea pakiti ya chai ya Meitan. Kuna mfanyabiashara wa Kariakoo anakuja Yiwu kufuata mzigo mwezi ujao, na Yiwu ni mkoa huu huu, treni haifiki saa moja. Atakuachia kwa shangazi Ilala. Usiichemshe na tangawizi. Mimina maji ya moto yaliyopoa kidogo, iache majani yashuke chini ya glasi, kisha unywe bila sukari. Mama atakunja uso mara ya kwanza, mpe na mara ya pili.

Barua andika Zijingang. Sihami tena mpaka nimalize. Na usisahau kuniambia goti la mama linaendeleaje, maana umeandika kurasa nne na hilo hukuligusa.

Wako,
Somo