Seneta mmoja na mizani ya magazeti

Ndugu Mhariri,

Ukizuka ubishi kuhusu vyombo vya habari vya Marekani, hakosekani wa kuuchomoa utafiti wa Tim Groseclose na Jeffrey Milyo wa mwaka 2005 na kusema: wachumi wameshapima, vingi vinaegemea mrengo wa kushoto, yaani wa waliberali, yamekwisha. Hayajaisha.

Wachumi hao hawakuzipima habari zenyewe. Walihesabu taasisi za sera zinazotajwa na wabunge wa Marekani, kisha wakahesabu zinavyotajwa na vyombo vya habari. Chombo kinachonukuu kama mbunge wa kushoto kikapewa alama za kushoto. Ni njia ya werevu, sibishi, maana mtafiti hahukumu kwa macho yake. Vyombo 18 kati ya 20 viliangukia kushoto kwa mbunge wa wastani, na kilichokwenda mbali kuliko vyote ni kurasa za habari za Wall Street Journal. Gazeti la wenye fedha!

Sasa tazama ACLU, chama cha kutetea haki za raia ambacho wahafidhina wa kule hawakipendi hata kidogo. Katika kipimo ambacho 100 ni kushoto kabisa, kilipata 49.8, yaani katikati. Kisa ni fedha za kampeni. ACLU iliupinga mswada wa maseneta McCain na Feingold wa kubana michango ya uchaguzi, ikidai unaminya uhuru wa kusema. Seneta Mitch McConnell wa Republican, chama cha wahafidhina, naye aliupinga, hivyo akapata shahidi asiyemtarajia. Zaidi kidogo ya moja ya nane ya nukuu zote za ACLU bungeni zilikuwa zake peke yake. Watafiti wenyewe wamelieleza jambo hili, nawapongeza.

Lakini gazeti lililomhoji mwanasheria wa ACLU kuhusu ukatili wa polisi nalo lilipewa alama hiyohiyo, kana kwamba linazungumzia michango. Kosa hilo huyavuta magazeti kulia, kinyume cha matokeo ya watafiti, kwa hiyo siwatetei waandishi wa Marekani. Ninachosema ni kwamba mizani hii inajua nani katajwa, haijui katajwa kwa lipi.

Mkiuandika tena utafiti huu, iwekeni alama ya ACLU kando ya ile ya Wall Street Journal. Ni mstari mmoja tu.

Msomaji wenu,
Morogoro