Si uchafu wa Bi Time

Wete, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Sie hatujambo, mama anakusalimu, karafuu zimeanza kuchumwa na kila uwanja una jamvi. Nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe. Leo nimeshindwa.

Unakumbuka siku Bi Time alivyorudi kutoka kituo cha afya macho mekundu? Mwanawe Kombo alimezeshwa dawa ya minyoo skuli, alipopimwa choo tena, minyoo mjeledi bado wamo. Akaambiwa mbele za watu kuwa nyumba yake chafu. Bi Time, Zuhura! Anayesugua sufuria mpaka ujione uso.

Sasa nimesoma utafiti uliochapishwa 2022, uliofanywa hapa hapa Pemba, na Laos na Côte d'Ivoire. Albendazoli peke yake, ile ya skuli, iliwaponya mjeledi watu wachache mno. Ilipochanganywa na dawa nyingine, ivamektini, hapa kwetu karibu nusu walipona. Mnyoo huyu huchomeka upande wake mwembamba kama uzi ndani ya ukuta wa utumbo mpana, basi kang'ang'ania. Huenda wa Kombo hawakurudi, hawakutoka kabisa.

Tena Côte d'Ivoire ule mchanganyiko haukufua dafu. Walipopima vinasaba wakakuta mnyoo wa kule ni wa aina nyingine, wakamwita Trichuris incognita. Na yai lake kwenye hadubini ni lile lile, kipipa kilichozibwa ncha mbili! Nilimchorea Bi Time hilo yai nyuma ya daftari la Kombo. Akalitazama sana, akasema, "Kumbe si mimi." Nikalia mie.

Mikono ioshwe, hilo silibishi. Mayai hukaa kwenye udongo mbichi wa kivulini, na wana wetu kutwa wako chini ya mikarafuu. Lakini kumwaibisha mama kwa dawa iliyoshindwa, hapana, Zuhura, hapana.

Wametengeneza kidonge kimoja chenye dawa zote mbili, kinayeyuka mdomoni, kina ladha ya embe. Kimeshajaribiwa Kenya, Ethiopia na Msumbiji. Je, una mtu Wizarani wa kumuuliza kitatufikia lini? Ile hadubini ya skuli yenu ingali nzima? Waweza kuiazima, watoto wa hapa waone yai kwa macho yao? Mguu wa baba umepoa? Na unavuka lini? Bi Time kila siku ananiuliza.

Wako,
Mwanaisha