Alhamisi: Chittaranjan Das

Habari za jioni wanakikundi. Alhamisi saa 2 usiku ni zamu ya kumjadili wakili wa Bengal, India, Chittaranjan Das (1870–1925), aliyeitwa Deshbandhu, yaani rafiki wa nchi.

Wengi watakimbilia kesi ya bomu ya Alipore, ya Wahindi walioshtakiwa kwa njama dhidi ya utawala wa Waingereza, alipomtetea mpigania uhuru Aurobindo Ghose akaachiwa huru mwaka 1909. Sawa, ila mimi naomba tukae kwenye madeni. Baba yake alifilisika, naye pia akatangazwa muflisi. Sheria ilishamsamehe, lakini pesa za uwakili zilipoanza kuingia aliwalipa wadai wote. Nani kati yetu angefanya hivyo? (Mweka hazina, usijibu.)

Kisha akaacha uwakili wenyewe ili kuupinga utawala wa Waingereza, akafungwa, na mwaka 1923 akaanzisha Chama cha Swaraj (yaani kujitawala) na mwanasiasa mwenzake Motilal Nehru. Mwaka huohuo akafanya mapatano ya Wahindu na Waislamu wa Bengal: ngoma zisipigwe mbele ya misikiti, na wanaochinja ng'ombe kwa ibada wasibughudhiwe. Mwaka 1924 akawa meya wa Calcutta.

Nyumba yake aliitoa, ikawa hospitali ya wanawake.

Atakayechelewa asiombe turudie. Sauti ndefu pia hapana, jamani.