Mhariri, na sisi wenye paka mtukumbuke kwenye ukurasa wa ufugaji

Mhariri, salamu kutoka Tanga.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi huku Ngamiani, ingawa gazeti nalipata mkono wa pili maana mzee wangu ndo analianza, akishamaliza mpira na siasa zake ndo na mi napewa, na huwa nakimbilia ukurasa wa ufugaji. Sa juzi nafungua nakuta kuku tena. Kabla ya hapo kuku, kabla yake ng'ombe wa maziwa, kabla yake sungura. Sina ugomvi na kuku, nnao sita hapo uani, lakini mtaani kwetu nyumba zenye paka ni nyingi kuliko zenye sungura na sijawahi kuona hata mstari mmoja kwamba paka ale nini. Tunachukulia paka anajilea, ukimtupia vichwa vya samaki umemaliza kazi. Na mi nilikuwa humohumo mpaka yaliponikuta.

Nnao watatu. Bi Kizee, jike, ana miaka 13 na ushee, huyo ndo mwenye nyumba, kazaliwa stoo kwetu hapahapa. Tajiri, dume, tumemhasi, tumbo linaburuza. Na Kidagaa, mtoto wa miezi minne, mjukuu wangu alimwokota sokoni siku ya mvua akaja naye ndani ya begi la shule. Zamani sahani yao ilikuwa moja, asubuhi ugali na dagaa, jioni mabaki ya mezani, na pembeni bakuli la zile punje kavu za dukani limejaa mchana kutwa, anayejisikia anakula. Nilikuwa naona raha kweli kuona vichwa vitatu kwenye sinia moja, si ndo mambo yetu hayo.

Wa kwanza kuanguka alikuwa Tajiri. Anaingia kwenye boksi la mchanga, anachuchumaa, anatoka, anarudi, analia, mi nikajua kafunga choo nikamnywesha kijiko cha mafuta ya nazi. Kesho yake asubuhi anatapika, kusimama hawezi. Bahati kijana wa jirani akapita akasema mama huyu hakojoi huyu, tukampakia kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Dokta kamshika tumbo tu, kibofu kimekaza kama chungwa bichi, akamwekea mpira wa kutolea mkojo. Akatuambia mngelala naye usiku mmoja zaidi mngekuja kunipa habari ya kuzika, maana dume akiziba mkojo ni jambo la kuhesabu saa, uchafu wote unarudi kwenye damu mpaka moyo unasimama. Madume ndo yanaziba zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni nyembamba, na huyu wangu alikuwa na kila sababu, mnene, kutwa kalala kwenye kochi, anatafuna punje kavu na bakuli la maji halitazami. Kumbe paka mababu zake walitoka nchi kavu, kiu yake ni ndogo, maji aliyapata humohumo kwenye mawindo maana panya zaidi ya nusu yake ni maji. Sa unampa punje ambayo maji yake ni kama fungu moja katika kumi, halafu unashangaa mkojo umekuwa chumvi.

Nikapeleka na wengine wapimwe, ndo hapo nikajua nyumba yangu ina hospitali ndogo. Bi Kizee nilikuwa nafurahi anakunywa maji sana, nikasema afadhali huyu ana akili, kumbe kunywa sana na kukojoa sana na kukonda mgongo mpaka unahesabu pingili ndo dalili zenyewe za figo kuchoka, paka wengi wakizeeka yanawapata. Dokta akasema huyu apunguziwe fosforasi, ni aina ya madini kwenye chakula, na hiyo imejaa kwenye mifupa, na dagaa unamla na mifupa yake yote, tena wale wa chumvi ndo balaa zaidi. Dagaa aliokula miaka 13 leo anaambiwa basi. Nilimwonea huruma wallahi.

Na Kidagaa yeye kinyume chake. Mtoto anakua, anataka protini nyingi, mafuta, mifupa yake inajengwa, ale mara tatu nne kwa siku kidogokidogo. Sasa mhariri angalia hesabu ilivyokaa. Chakula cha Bi Kizee akila mtoto kila siku atadumaa. Chakula cha mtoto akila Tajiri anazidi kunenepa, na dume mnene aliyehasiwa kisukari kinamnyemelea. Chakula cha Tajiri akila Bi Kizee figo zinamalizika. Na paka alivyo, sahani ya mwenzake ndo tamu kuliko yake.

Mzee wangu aliposikia haya akacheka mpaka miwani ikadondoka. Ati tangu lini paka akawa na dayati, marehemu mama alifuga paka saba kwa vichwa vya nguru na wote walizeeka. Nikamjibu mama alikuwa na nyumba ya uani na ghala la nazi lenye panya, paka wake wakila vichwa vya nguru saa saba mchana na usiku wanakula nyama ya panya na maini yake na moyo wake, huyu Tajiri kwenye nyumba ya vigae panya atamwona wapi? Akanyamaza. Kwa muda.

Tulivyofanya sisi ni hivi, na ndo sababu hasa ya kuandika, labda kuna mwenzangu anahangaika. Kwanza tuliondoa lile bakuli la kutwa. Hilo ndo lilikuwa gumu kuliko yote, wiki nzima walinililia mlangoni usiku kama watoto yatima. Sasa kuna saa za kula, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, sahani inakaa nusu saa halafu inanyanyuliwa iwe imeisha isiishe. Bi Kizee anakula chumbani kwangu mlango umefungwa, mi nipo kitandani na tasbihi yangu, maana yeye anakula taratibu, analamba, anafikiri, anarudi. Tajiri jikoni. Na mtoto ana mlo wake wa katikati, huo ndo ulinisumbua akili maana mchana milango iko wazi. Mjukuu wangu ndo akapata ufumbuzi. Alichukua boksi la televisheni akalikata tundu la kumtosha Kidagaa tu, sahani ikawekwa ndani kule mwisho. Tajiri siku ya kwanza aliingiza kichwa na bega moja akakwama, akatembea na boksi kichwani mpaka sebuleni tukiwa na wageni. Toka hapo analikodolea macho tu. Najua tundu siku moja litambana na mtoto mwenyewe, basi tutahamishia juu ya kabati, Tajiri kuruka huko labda abebwe. Naambiwa Ulaya kuna sahani za umeme zinasoma chipu iliyo mwilini mwa paka, akija mwenyewe mfuniko unafunguka akija mwingine unajifunga. Sisi boksi linatosha.

Chakula chenyewe nacho nimekipangilia na dokta, sikukurupuka. Tajiri punje tumemwondolea kidogokidogo, sasa anakula mnofu wa kuku wa kuchemsha na mchuzi wake, bila chumvi, bila kitunguu, pamoja na vile vipakti vyenye majimaji. Mchuzi haumwagwi. Kuna kitu ndani ya nyama kinaitwa taurini, paka mwili wake hauwezi kujitengenezea wa kumtosha, akikikosa muda mrefu moyo unatanuka na macho yanakufa, na ukichemsha nyama kinatokea kwenye maji, kwa hiyo ukimwaga supu umemwaga dawa. Wataalamu wa California waligundua mwaka 1987 kwamba paka walikuwa wanakufa kwa moyo huku wanakula chakula cha viwandani kabisa, kimepungukiwa hiyo taurini, ndo viwanda vikaanza kuongeza. Ndo maana pia chakula cha mbwa usimlishe paka siku zote ati kwa kuwa ni rahisi, mbwa wengi hujitengenezea wenyewe. Nyama ya paja la kuku na moyo vinayo zaidi ya kidari. Maini mpe, ila kidogo tena mara mojamoja, yakiwa chakula cha kila siku vitamini A inazidi, shingo inakaza kama mti. Na nyama tupu peke yake nayo haikamiliki, ndo maana vile vipakti siachi.

Tajiri alikuwa kilo saba na robo, sasa kafika sita na nusu, imechukua miezi minne. Usimshindishe njaa ukidhani unamsaidia, dokta alinitisha hapo, paka mnene akikaa siku mbili tatu hajala mafuta yote yanakimbilia kwenye ini na ini linakufa. Kupima sio kazi, panda mizani na paka mkononi, kisha panda peke yako, toa. Mimi namba yangu simwonyeshi mtu.

Na mabaki ya pilau jamani, tuache. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka, na pilau letu bila hivyo sio pilau. Maziwa nayo, wakubwa wengi yanawaharisha. Na Panadol, naomba mliandike hili kwa herufi kubwa, kuna dada hapa mtaa wa pili alimpa paka wake nusu kidonge ati ana homa, hakufika jioni.

Sio kwamba mambo yangu yamenyooka. Mjukuu anamdondoshea Tajiri samaki chini ya meza akidhani sioni. Babu yake, ambaye ndo yuleyule wa kucheka, nilimkuta saa tano usiku anampa Bi Kizee dagaa mmojammoja huku anamwomba radhi. Na kuna dume la msikitini, rangi ya machungwa, linaingia dirishani saa za kula linapiga sahani zote tatu, simfukuzi, paka wa nyumba haingwa na huyu anajihesabu wa nyumba. Nampa fungu lake uani. Madrasa tulisoma habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, sa mimi ninayefungia paka chumbani mara mbili kwa siku hilo silichezei.

Sasa malalamiko yangu. Chakula cha paka huku kwetu wenye maduka wengi wanafungua gunia wanapima kwa kilo kwenye mfuko wa kaki. Nawaelewa, mfuko mzima ni hela nyingi na wengi wetu tunanunua kwa robo. Lakini mfuko wa kaki hauna neno hata moja. Ni cha mtoto au cha mkubwa? Kinaisha lini? Ni cha paka kweli au cha mbwa? Nilimuuliza kijana mmoja dukani akanijibu mama paka ni paka. Duka jingine nimekuta gunia limekaa wazi karibu na mafuta ya taa, punje zina harufu ya mafuta yaliyochacha, ukimpa mgonjwa wa figo asipokula unadhani ni ugonjwa umezidi kumbe yeye ndo mwenye akili. Na hata ukinunua mfuko mzima maandishi ni ya lugha za huko vinakotoka, sijui kama hiki ni chakula kamili au ni kitafunwa cha kuongezea tu, na hiyo ndo tofauti kubwa kuliko zote maana kitafunwa ukikifanya chakula cha kila siku umemnyima virutubisho. Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo, kata kipande cha karatasi, andika kalamu ya kawaida, cha mtoto au cha mkubwa, jina la gunia, tarehe ya mwisho. Kipimo kiwe cha kilo, maandishi yatufuate.

Na ombi kwako mhariri, hao madaktari wa mifugo mnaowahoji kuhusu mdondo na ndui ya kuku, waulizeni na haya. Mi nina swali langu la kuanzia. Chakula maalumu cha figo huku Tanga sikipati, mpaka niagize Dar kwa basi, kikichelewa nabaki na mnofu wa kuku na ute wa yai wa kuchemsha bila kiini, dokta alisema ute una fosforasi kidogo. Je naweza kwenda hivyo siku ngapi kabla haijawa tatizo lingine? Na kama Bi Kizee akigoma ute wa yai, maana jana aliutazama akanitazama na mimi, nimchanganyie nini ambacho sio dagaa?

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga